Kompyuta ya Prosesa Mbili Inapochemka: Dalili, Sababu na Dawa Zake Hapa Visiwani

Kila kaskazi ikishaingia, karakana yangu hapa Mwanakwerekwe, Unguja, hujaa mashine za aina moja: kompyuta kubwa za kazi nzito zenye prosesa mbili (prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta), zile zilizokwisha tumika maofisini Ulaya kisha zikaletwa kwetu kwa makontena. Mwenye studio ya kuhariri video za harusi anayo, duka la kuchapisha mabango linayo, skuli imeifanya seva ya maabara. Ni mashine imara, na kwa bei yake hupati nyingine inayofanya kazi kama hiyo. Wakati wa kusi zote zinakwenda vizuri. Disemba ikifika simu zinaanza. "Fundi, inazima." "Fundi, inanguruma kama jenereta." "Fundi, imekuwa nzito siku hizi."

Sababu ya msimu ni hesabu nyepesi. Juu ya kila prosesa hukaa hitisinki, tofali la mapezi membamba ya alumini na mirija ya shaba. Hitisinki haina uwezo wa kuifanya prosesa iwe baridi kuliko hewa inayoipulizia. Kazi yake ni kuizuia isipande sana kuliko hewa hiyo. Mashine ambayo kwa kawaida hupanda nyuzi 50 juu ya joto la chumba, katika ofisi ya nyuzi 21 itasoma 71. Ilete mashine hiyohiyo chumba cha ghorofani Michenzani mwezi wa Februari, saa nane mchana, nyuzi 33, nayo itasoma 83 na hakuna kilichoharibika. Ongeza vumbi la miaka mitatu na umeshafika 95, ambako prosesa nyingi za namna hii huanza kujilinda.

Lakini mashine ya prosesa mbili ina jambo moja linalomsaidia fundi: ndani yake mna shahidi. Prosesa ni mbili, za aina moja, zimo katika kasha moja na zinavuta hewa moja. Ukizilinganisha vizuri, nusu ya uchunguzi imekwisha kabla hujashika bisibisi. Wengi, hata mafundi wenzangu, hukimbilia kubadilisha pesti, ile dawa laini inayopakwa kati ya prosesa na hitisinki ili joto lipite. Kwangu mimi pesti ni ya nne au ya tano. Ninaanza na njia ya upepo.

Kabla ya kufungua kasha

Pima kwanza. Kwenye Windows weka programu ya HWiNFO, ni ya bure kwa matumizi ya binafsi na inaonyesha kila prosesa peke yake pamoja na kasi ya feni. Kwenye Linux andika sensors. Iache mashine robo saa bila ya kazi, soma prosesa zote mbili, uandike. Kisha ipe kazi nzito dakika 20. Mimi napendelea kazi ya mwenyewe mteja, kama ni video basi video yake ndefu, kwa sababu hiyo ndiyo inayomsumbua. Soma tena, uandike tena. Andika na joto la chumba, maana bila ya hilo namba nyingine hazina maana.

Bila ya kazi, nyuzi 35 hadi 50 ni sawa kwa hali yetu. Kazini, mpaka 80 mimi silalamiki. Ikipita 85 ninatafuta sababu. Ikifika 95 ninaisimamisha kazi palepale.

Tazama pia mwendo wa kupanda, kwani unasema mengi kuliko namba ya mwisho. Joto likiruka kutoka 45 hadi 90 kwa sekunde chache, na likaanguka mara tu ukisimamisha kazi, basi halitoki kwenye prosesa kuingia kwenye hitisinki: tatizo liko kwenye pesti au skrubu. Likipanda polepole kwa dakika 10 au 15 na kushuka polepole vilevile, hitisinki inalipokea joto vizuri ila hewa hailichukui: tatizo liko kwenye vumbi, feni au chumba.

Unapofungua: nakili data muhimu kwanza, zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi kumaliza umeme uliobaki, kisha shika chuma cha kasha kabla ya kugusa chochote ndani.

Dalili ya kwanza: inazima ghafla kazi ikipamba moto

Hii ndiyo inayoletwa zaidi, na si kila mara ni joto. Jiulize: taa za chumba zilipepesa wakati huohuo? Basi angalia umeme na UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshikilia mashine umeme ukikatika. Mashine yenye prosesa mbili za wati 130 na kadi ya picha inaweza kuvuta wati 500 ikiwa kazini. UPS ndogo ya VA 650 haibebi mzigo huo. Umeme ukitetemeka kidogo tu, UPS inaelemewa na mashine inazimika. Mteja anaona imezima katikati ya kazi nzito na anasema ni joto.

Kwenye Windows, Event Viewer, daftari lake la matukio, itakuonyesha tukio namba 41 la Kernel-Power. Usiling'ang'anie. Linakwambia tu kwamba mashine haikuzimwa kwa utaratibu, halikwambii kwa nini. Seva na baadhi ya mashine kubwa zina daftari lao wenyewe ndani ya mazabodi (bodi kuu inayobeba prosesa na vinginevyo), ambalo kwenye Linux unalisoma kwa ipmitool sel list. Hilo ndilo linaloandika kama prosesa ilipita kikomo cha joto, na ya ngapi.

Jaribio jepesi la kutenganisha: washa tena mara moja, ipe kazi ileile. Kama ni joto, mara ya pili itazima mapema kuliko ya kwanza, kwa kuwa hitisinki bado ina moto. Kama ni umeme, haitafuata saa: itazima wakati wowote.

Ikithibitika ni joto, sababu ya kwanza ni vumbi. Nalisema hili kwa miaka yote niliyofungua makasha. Na vumbi la kwetu si vumbi kavu la kupuliza likaondoka. Nakumbuka mashine ya studio moja ya harusi. Kwa nje ilikuwa safi, imepanguswa inang'aa. Nilipotoa uso wa mbele nikakuta wavu wa hewa umeziba zulia la kijivu, nikalibandua kwa kucha likatoka kipande kizima kama kitambaa, nacho kinanukia udi. Bibi mwenye studio alikuwa akifukiza kila asubuhi kabla ya wateja kuja. Moshi wa udi na ubani huacha mafuta mafuta, mafuta yanashika vumbi, na vumbi linashika unyevu. Wenye mashine karibu na jiko la kukaangia wanalijua hili kwa namna yao. Ndani ya nyumba za Mji Mkongwe huongezeka na chokaa inayopukutika kutoka kwenye kuta, unga mweupe laini unaoingia katikati ya mapezi na kukaa. Sijamwambia mtu aache kufukiza udi nyumbani kwake. Ninamwambia ahamishe mashine chumba kingine, au aifungue kila baada ya miezi mitatu.

Kusafisha: wavu wa mbele kwanza, kisha feni, kisha mapezi, kisha pawasaplai (kisanduku cha ndani kinachopokea umeme wa ukutani) kwa nje. Tumia brashi laini ya rangi na bloa ndogo. Zuia panga za feni kwa kijiti unapopuliza. Feni ikizungushwa kwa nguvu za upepo inaharibu beringi, na inaweza kurudisha umeme kwenye mazabodi. Hitisinki iliyoganda mafuta itoe kabisa, ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, iache ikauke siku nzima. Ukishaitoa, pesti mpya ni lazima.

Nawasihi sana msiipeleke mashine kwa fundi wa pancha ikapulizwe na kompresa ya magari. Najua ni jambo linalofanyika kila mtaa. Tangi la kompresa ile lina maji na mafuta ndani, zaidi tena kwa unyevu wetu, na yanatoka pamoja na upepo, tena kwa nguvu ya kung'oa vitu vidogo kwenye mazabodi. Na mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani nayo iache, bomba lake la plastiki hujenga umeme tuli.

Sababu ya pili ni mahali ilipowekwa. Chini ya meza yenye kitambaa hadi sakafuni. Ndani ya kabati. Mgongo umegusa ukuta. Pembeni ya friji inayotoa joto lake kulekule. Mashine hizi huvuta hewa mbele na kuitoa nyuma. Ukiziba nyuma inavuta joto lake yenyewe. Iachie nafasi ya shibri moja nyuma, inyanyue kutoka kwenye zulia, na pima tena. Mara nyingi hushuka nyuzi tano au zaidi kwa kuisogeza tu.

Baada ya hapo ndipo feni iliyokufa, kisha pesti iliyokauka. Na kuna sababu nyingine iliyojificha: prosesa zimebadilishwa. Mashine ilitoka kiwandani na prosesa za Intel aina ya Xeon E5-2650 za wati 95, mtu akaweka E5-2687W za wati 150 kwa sababu tundu ni lilelile, na hitisinki akaziacha za zamani. Ni wati 110 zaidi ndani ya kasha moja. Hapo hakuna usafi utakaosaidia. Tafuta hitisinki kubwa za mashine hiyo au rudisha prosesa ndogo.

Dalili ya pili: prosesa moja inawaka, ya pili imetulia

Hapa ndipo shahidi anapozungumza, na hapa nitakaa kidogo.

Jua kwanza tofauti ipi ni ya kawaida. Katika mashine nyingi prosesa hupangwa moja nyuma ya nyingine. Upepo unapita ya mbele, kisha ya nyuma. Ya nyuma inapokea hewa iliyokwisha pashwa na mwenziwe, kwa hiyo kuizidi kwa nyuzi 5 hadi 10 si maradhi. Zikiwa zimepangwa ubavu kwa ubavu, kila moja na upepo wake, tofauti inatakiwa iwe ndogo zaidi. Ikifika 15 na kupita, na zote zina kazi sawa, tafuta sababu.

"Na zote zina kazi sawa" nimeisema kwa makusudi. Programu nyingi za zamani, na baadhi ya mpya, huijaza prosesa moja na kuisahau ya pili. Fungua jedwali la viini vya prosesa, vile vitengo vyake vinavyogawana kazi, utazame. Kama ile yenye moto ndiyo pekee inayofanya kazi, hakuna kilichoharibika.

Kama kazi ni sawa, fungua kasha utafute plastiki ya kuongozea upepo. Ni kipande kikubwa cheusi, mfano wa bakuli refu lililopinduliwa, kinachofunika prosesa zote mbili na ramu. Kinaonekana kama pambo. Kwa kweli ndicho kinachoufanya upepo wa feni za mbele ufike prosesa ya nyuma badala ya kupotelea juu ya kasha.

Mwaka fulani nililetewa seva ya skuli moja ya Pemba, imevuka kwa boti kutoka Mkoani imefungwa ndani ya blanketi. Prosesa ya kwanza 58, ya pili 91. Nilipofungua nikapiga simu.

"Maalim, hapa palikuwa na plastiki kubwa nyeusi. Iko wapi?"

"Ipo stoo, fundi. Niliitoa mwenyewe, niliona inaziba upepo."

"Nitumie kwa boti ya kesho, tafadhali. Usinunue kitu kingine chochote."

Wakati ninaisubiri nilikata kadibodi, nikaikunja kwa umbo lile, nikaiweka kwa majaribio nikiwa nimekaa mbele yake. Ndani ya dakika 20 ya pili ilishuka hadi 74. Plastiki yenyewe ilipofika ikasoma 70. Maalim alikuwa ameshaambiwa anunue mazabodi mpya. Kadibodi ni ya kupimia tu, usiiache mle ndani.

Kosa hilohilo lina sura nyingine: kufungua ubavu wa kasha na kuweka feni ya kusimama iipulizie. Kwa kompyuta ndogo ya prosesa moja hali huwa nafuu. Kwa mashine yenye mfereji wa upepo unauvunja mfereji: mazabodi inapoa, prosesa ya nyuma inazidi kupanda, na mchanga na unyevu vinaingia bila kizuizi. Funga kasha.

Plastiki ipo na bado tofauti ni kubwa? Zitazame feni. Soma mizunguko yake kwenye HWiNFO. Mbili za aina moja zinatakiwa zikaribiane. Mashine ikiwa imezimwa, zungusha kwa kidole: nzima huteleza na kusimama polepole, mbovu hukwama au hukwaruza. Badilishana feni, ya kwanza iende kwa ya pili. Joto likihama pamoja na feni, umempata mwizi.

Halikuhama? Basi skrubu za hitisinki. Kwenye mashine za Xeon E5 ni nne, na zinatakiwa zikazwe kwa msalaba, kila moja mizunguko michache kisha ile ya pembe ya pili, mpaka zote zigonge mwisho. Aliyekaza moja hadi mwisho kwanza ameilaza hitisinki upande. Ukiitoa, isome alama ya pesti kabla ya kuifuta: ikiwa nyembamba na sawa kote, ilikaa vizuri, ikiwa nene upande mmoja na upande wa pili chuma kitupu, umeshapata jibu.

Sasa ndiyo zamu ya pesti. Iwashe mashine dakika tano kabla ili pesti ya zamani ilainike, zima, chomoa, legeza skrubu kwa msalaba, zungusha hitisinki kidogo kulia na kushoto, kisha nyanyua. Usiing'oe kwa kuivuta juu. Futa nyuso zote mbili kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 na kitambaa kisichotoa nyuzi. Spiriti ya duka la dawa mara nyingi ina maji mengi, ukiikosa nyingine basi subiri ikauke kabisa. Weka pesti kiasi cha punje mbili za choroko katikati, hizi ni prosesa pana kidogo, uache uzito wa hitisinki uitandaze. Pesti nyingi haipozi zaidi, inazuia. Na ubadilishe zote mbili siku moja, hata kama moja ni nzima, la sivyo utampoteza shahidi wako: utakapopima tena hutojua tofauti inatoka wapi.

Mwisho, badilishana hitisinki zenyewe. Mirija ya shaba ndani yake mna kimiminika kidogo kinachobeba joto. Mrija ukipasuka au ukipindwa, hitisinki inabaki tofali la chuma. Joto likiifuata hitisinki, itupe. Likibaki palepale kwenye tundu lilelile, umeshabakiwa na sensa, mazabodi au prosesa yenyewe, na hapo ndipo pa kumwita mtu mwenye vifaa.

Dalili ya tatu: haizimi, ila imekuwa nzito

Video iliyokuwa inachukua saa mbili inachukua nne. Tazama gigahezi za prosesa, yaani kasi yake, pamoja na joto. Joto likigusa kikomo na gigahezi zikaanguka wakati uleule, mashine inajilinda. Rudi juu ukasafishe.

Lakini ukiona imekwama kwenye gigahezi 1.2 na joto ni 45, usiguse pesti. Hiyo si homa. Kuna kitu kingine kinaiamrisha prosesa ijipunguze, na mara nyingi ni pawasaplai iliyochoka, mazabodi, au mpango wa umeme wa Windows uliowekwa kwenye kubana matumizi. Mpango wa umeme ni dakika moja kuuangalia, anza nao.

Umeme mdogo nao unachangia kwa njia ambayo watu hawaioni. Pawasaplai inahitaji wati zilezile hata volti zikipungua, kwa hiyo kwenye volti 180 inavuta mkondo mkubwa zaidi ya robo kuliko kwenye 230, na inapata moto. Ukiona pangaboi linazunguka kivivu jioni, jua na kompyuta inahangaika. Waliokuwa na mashine Unguja kati ya Disemba 2009 na Machi 2010, kisiwa kilipokosa umeme wa bara kwa miezi mitatu, wanakumbuka majenereta madogo yalivyozifanyia pawasaplai. Stebilaiza nzuri ina faida kuliko feni tatu za ziada.

Kama kazi ni ya haraka na huna muda wa kufungua: kwenye mipangilio ya umeme ya Windows shusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Inazuia prosesa isijiongezee kasi ya ziada. Joto hushuka vizuri, nawe unapoteza kasi kiasi. Ni ya kumalizia harusi ya Ijumaa, si ya kuiacha mwaka mzima.

Dalili ya nne: feni zinanguruma muda wote, joto ni dogo

Angalia kama kifuniko cha ubavu kimefungwa sawasawa. Nyingi zina swichi ndogo inayohisi kifuniko, na kikiwa wazi hupandisha feni zote. Kisha tafuta feni iliyochomolewa au iliyobadilishwa kwa isiyo yake: feni ya waya tatu mahali pa waya nne haisikii amri ya kupunguza kasi, na mazabodi isipoisoma hupandisha zilizobaki. Kisha waya mdogo wa sensa ya joto la hewa karibu na uso wa mbele, ambao hukatika watu wakisafisha. Ikishindikana, sasisha bayosi, programu ya mazabodi inayoiamsha mashine, lakini si siku ambayo umeme unakatika katika.

Dalili ya tano: imesafishwa, imewekewa pesti, na bado

Hapa naiangalia bahari. Mashine zilizokaa miaka karibu na pwani, Nungwi au Forodhani, hupata unga mweupe kwenye mapezi na rangi ya kijani kwenye shaba. Chumvi huvuta unyevu, unyevu hula. Mapezi yaliyoliwa hayashikani tena vizuri na mirija, na joto halipiti. Hitisinki hiyo badilisha, usiisugue.

Angalia na wadudu. Mjusi kafiri hupenda pawasaplai kwa uvuguvugu wake, na kinyesi chake juu ya mazabodi hupitisha umeme. Chungu hujenga ndani ya matundu. Ziba nafasi za kadi zilizo wazi nyuma kwa vifuniko vyake. Vinasaidia na upepo pia.

Na kiyoyozi: nyuzi 24 hadi 26 zinatosha. Usikielekeze kwenye mashine. Chumba kikiwa kama barafu kisha mlango ukafunguliwa kwa hewa ya nje ya masika, matone ya maji hujikusanya kwenye chuma baridi kama kwenye chupa ya soda, na ikiwa mashine imezimwa hakuna joto la kuyakausha.

Pale pa kusimama

Harufu ya kuungua, au kondensa (vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme) zilizovimba vichwa kwenye mazabodi: zima, chomoa, usijaribu "mara moja tu".

Pawasaplai usiifungue. Kondensa zake hubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa. Mwachie fundi umeme anayejua kuzimaliza.

Prosesa usiinyanyue kwenye tundu lake kama hujawahi kufundishwa. Tundu la Xeon E5 lina sindano 2,011, laini kama nywele, na moja ikipinda unapoteza nusu ya ramu au mazabodi nzima. Kubadilisha pesti hakuhitaji kuigusa.

Na kama mashine inashika kumbukumbu za watu, matokeo ya wanafunzi, hesabu za duka, faili za zahanati, nakala haikuchukuliwa na mashine inazima yenyewe: usiendelee kuiwasha kupima. Toa diski, nakili kwenye mashine nyingine, kisha rudi kwenye joto.

Baada ya matengenezo

Rudia namba zilezile ulizoandika mwanzo, kwa kazi ileile. Fanya saa saba au saa nane mchana. Mashine iliyopita mtihani saa nne usiku na upepo wa bahari dirishani haijapita chochote. Iache saa nzima.

Kisha chukua kipande cha karatasi, andika tarehe, joto la chumba, prosesa ya kwanza, prosesa ya pili, bila ya kazi na ikiwa kazini, ukibandike upande wa ndani wa kifuniko. Mashine ya Maalim ilirudi Pemba na karatasi hiyo. Kaskazi iliyofuata aliniandikia ujumbe: ya kwanza 60, ya pili 79, chumba 32. Ya pili ilikuwa imepanda nyuzi tisa, ya kwanza mbili tu. Nilimjibu aitazame feni ya nyuma, na kweli ilikuwa imeanza kukwaruza.